Mapigo ya moyo: pima mpangilio, si kasi peke yake

Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kila pigo huanzia kwenye kituo kidogo cha umeme kilicho sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ambacho Keith na Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Umeme huo hukaza vyumba vya juu, huchelewa kidogo ili vya chini vijae damu, kisha huvikaza navyo.

Kupima, keti utulie dakika 5. Usipime ukiwa umetoka kunywa kahawa au kupanda mlima. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba; dole gumba lenyewe lina mpigo wake, litakuchanganya. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, mvurugiko unaweza kukupita.

Kijana akivuta pumzi mapigo huongezeka, akiitoa hupungua. Hiyo ni kawaida. Pigo moja likiwahi, likafuatwa na kimya kifupi kisha pigo zito, mara nyingi si hatari. Linalotutia wasiwasi ni mapigo yasiyofuata utaratibu wowote dakika nzima. Hapo vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kukaza, damu inatuama kwenye kifuko cha chumba cha juu kushoto na kuganda. Bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Hatari yake huongezeka takribani mara 5. Chanzo kikubwa cha mvurugiko huu ni presha ya kupanda. Ugonjwa wa tezi ya shingo huchangia, na pombe ya kupitiliza, kama mbege, pia. Kwa vijana, tuwaulize zaidi kuhusu valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo hufuata maumivu ya koo ya bakteria yasiyotibiwa.

Ukihisi mvurugiko huo, nenda ukapimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), ikiwezekana ukiwa bado unauhisi, maana mapigo yakishatulia karatasi inaweza kutoka safi. Ukizimia, kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, usisubiri kesho, wahi hospitali saa hiyo hiyo.

Mwenye valvu iliyobana kwa rumatiki na mapigo haya yaliyovurugika hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha dawa za kundi la warfarini zinaokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa kawaida kikae kati ya 2 na 3, kwa hiyo kliniki isikatizwe. Mnafu na mchicha endelea kula, ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu zikichanganywa na warfarini zinaweza kutoa damu tumboni. Mwambie muuzaji wa duka la dawa kwamba unatumia warfarini kabla hajakupa chochote.