Kushirikishwa kwenye mpango wa ufuo, maana yake nini hasa?

Ukikaa Kisumu muda kidogo, na hasa kama kwenu ni karibu na maji, lazima siku moja utaitwa. Mzee wa kijiji anapitia kwa boma jioni anasema kesho kuna mkutano bichi, watu wa kaunti wanakuja, ni mambo ya mpango wa ufuo, njoo mapema kutakuwa na chai. Unaenda, unaandika jina na namba ya kitambulisho kwa karatasi, unasaini na biro inayogoma kuandika, mtu anaongea masaa mawili, mnapigwa picha, unapewa mia mbili ya boda unarudi zako, halafu miezi sita baadaye unaskia kwa redio ati mpango umepitishwa na jamii ilishirikishwa. Sasa unajiuliza, mimi nilishirikishwa saa ngapi? Swali ni halali kabisa, maana hili neno limefuliwa mara nyingi mpaka limechujuka kama leso ya zamani.

Tuanze na kile kinachopangwa. Mpango wa usimamizi wa ufuo ni makubaliano yaliyoandikwa, ramani iko ndani, yanasema hii sehemu ya maji na nchi kavu itatumikaje kwa miaka kadhaa. Boti zitue wapi, samaki wazaliane wapi bila kusumbuliwa na nyavu, mafunjo (sisi huku tunaita togo) yakatwe wapi na wapi yaachwe, vizimba vya kufugia samaki vikae umbali gani, mchanga uchotwe wapi kama utachotwa, choo kiwe wapi, nani ajenge na nani asijenge, na mafuriko yakija watu wapande wapi. Kule Pwani mipango ya namna hii inagusa pia mikoko, matumbawe na mahali kama mlango wa mto Sabaki karibu na Malindi, ambapo maji ya mto yanakutana na maji ya chumvi, na bahari inajaa na kupwa kila siku. Kwa hesabu ya wataalamu sisi hatuna hiyo, Ziwa Victoria ni maji matamu na hakuna kujaa na kupwa kwa maana ile, kwa hivyo pale Nyando ama Nzoia inaingilia ziwani si sawa kabisa na Sabaki. Lakini shida ni ndugu moja. Mto unaleta matope, mbolea na taka kutoka juu, samaki wanazalia hapo hapo, watu wanalima hapo hapo, na maji yakiamua kupanda hayaulizi hati ya shamba ya mtu.

Haya, ushirikishwaji sasa. Kwa lugha rahisi ni kwamba wale wanaoishi kando ya hayo maji na kula kutokana nayo wana mkono wa kweli kwenye kuamua, tangu pale mnapokubaliana shida ni nini, mpaka kuchagua dawa, kuandika mpango, kuufanyia kazi na kuja kuangalia kama umefanya kazi. Kuarifiwa ni kitu kingine. Kuulizwa maoni ni kitu kingine tena, afadhali kidogo, ila mtu anaweza kukuuliza unapenda chai ama uji na bado akakuletea maji. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja anaitwa Sherry Arnstein alichora hii kitu kama ngazi ya vidato 8, chini kabisa wananchi wanachezewa akili, katikati wanaambiwa na kuulizwa, huko juu ndio wanashika usukani. Mimi kwa bichi zetu sihitaji vidato vyote vinane, nauliza kitu kimoja tu: ni mstari gani kwa ile ramani ulisogea kwa sababu mtu wa hapa aliongea?

Na nimeona mstari ukisogea. Ilikuwa bichi moja upande wa Kadibo, si mbali na pale Nyando inamwagika ziwani. Maofisa walikuja na jenereta na projekta, shuka nyeupe ikafungwa kwa ukuta wa banda la samaki, ramani ikatokea imepakwa rangi vizuri, kijani mashamba, njano mahali pa kuanika omena (dagaa wa ziwani), na mstari wa buluu ndio mwisho wa maji. Watu wamekaa wanatikisa kichwa tu. Mama mmoja muuza omena, beseni iko miguuni, akauliza huo mstari wa buluu mlipima lini. Kijana wa ramani akasema ni picha ya setilaiti, na ukiangalia tarehe ilikuwa ya kabla maji hayajapanda. Watu wakacheka ile ya chini chini. Mama akasimama, akasema twendeni nje, tukamfuata wote, maofisa na viatu vyao vizuri kwa matope, mpaka kwa choo cha zamani kilichobaki kuta tatu. Akaonyesha alama ya mkaa kwa ukuta, juu ya kiuno chake. Hapa ndio yalifika 2020, akasema, huyu kijana wangu ndiye alichora. Halafu akageuka akaonyesha ile sehemu ya njano, kwamba mnataka tuanike omena pale, pale tulikuwa tunapita na boti.

Usione ni kichekesho cha mkutano, ile alama ya mkaa ina uzito wa kisheria. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika juu sana, likavuka hata rekodi ya 1964 ambayo wazee wetu walikuwa wanahadithia. Na kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza kulima ama kujenga kando ya mto kwa upana wa kati ya mita 6 na mita 30, na hiyo inapimwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Sasa niambie, kwa kijiji ambacho hakuna kifaa cha kupima maji, nani anajua kiwango cha juu kabisa kilifika wapi? Ni mama wa omena na mkaa wake. Ndio maana mimi huwa sipendi vile watu huongea kuhusu kushirikisha jamii kama ni heshima fulani wanafanyiwa wananchi, kama kuwapa zawadi. Bila hao watu ramani yenyewe ni ya uongo.

Vitu vya namna hiyo ni vingi. Mvuvi mzee atakwambia mvua kubwa zikianza samaki anayeitwa ningu anapanda mto kwenda kutaga, kwa hivyo ukiruhusu nyavu kuziba pale mto unapoingilia ziwani msimu huo umemaliza kizazi kizima, na ningu wa siku hizi si wale wa zamani, uliza yeyote mwenye miaka sitini. Mtu wa kusuka mikeka atakwambia mafunjo ukiyakata kwa mpangilio yanaota tena, ukichoma na kulima nduma mpaka ndani ndio unapoteza. Mwalimu wa wanafunzi wa Dunga anayewapeleka kuangalia ndege kwa yale mafunjo naye ana lake. Hizo ni data, hata kama hazikuja kwa kompyuta.

Ugumu unaanza ukiuliza jamii ni nani. Hapa watu wengi huteleza. Wanaitisha mkutano saa nne asubuhi, wanapata wenye boti, mzee wa kijiji na vijana wawili wa chifu, wanaandika jamii. Lakini omena huvuliwa usiku, taa juu ya maji, mabaria (wale wanaovua kwa boti za wenyewe) wanarudi alfajiri, na saa nne asubuhi hao ndio wako kwa usingizi mzito kabisa, na akina mama walionunua kwao saa kumi na mbili wako kwa anika wanageuza omena kabla mvua haijakuja ama wako kwa matatu na magunia kuelekea soko. Kwa hivyo wale walio na njaa zaidi na ziwa hawako kwa karatasi ya kusaini. Kama uko serious, njoo wakati mwezi unang'aa, hapo taa haivuti omena vizuri na mabaria wako nyumbani, ama njoo kati ya Aprili na mwisho wa Julai wakati uvuvi wa omena umefungwa. Hiyo haihitaji pesa zaidi, inahitaji tu kuuliza kabla ya kupanga tarehe.

Halafu kuna jamii isiyoonekana ukiwa bichi. Yale matope ya Nyando hayatoki Kadibo, yanatoka huko juu milima ya Nandi na upande wa Kericho, yanapitia mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, yanapita mpunga wa Ahero, ndio yanatufikia sisi. Mpango wa ufuo ulioandikwa na watu wa ufuo peke yao ni kama kupangusa sakafu na mfereji bado uko wazi. Kwa hilo ndio kuna vyama vya watumiaji maji, vinaitwa WRUA, vilikuja na Sheria ya Maji ya 2002 na ile ya 2016 ikaviacha, wanachama wanakuwa watu wa sehemu moja ya mto na wanaandika mpango wao wa vyanzo na kingo. Huku ziwani tuna BMU, yaani vikundi vya kusimamia bichi, zilitungiwa kanuni 2007 na Sheria ya Uvuvi ya 2016 inazitambua, na hizo zinaleta pamoja wenye boti, mabaria, wachuuzi, mafundi wa boti na wengine wa bichi, wote wana nafasi kwa mkutano mkuu na kamati inachaguliwa. Kwa karatasi ni kitu kizuri sana. WRUA ya juu na BMU ya chini kukaa meza moja ni jambo la nadra, na kwa maoni yangu hapo ndio pengo kubwa kuliko yote.

Na tusijifanye malaika. Kuna BMU ambazo mwenyekiti ana boti sita na kamati nzima ni shemeji zake, baria akiongea anaulizwa wewe una boti ngapi. Kuna wanaopiga kelele kuhusu uhifadhi mchana na usiku wanatupa nyavu za macho madogo. Kushirikisha jamii bila kuangalia nani ndani ya jamii ananyamazishwa ni kumpa mwenye nguvu muhuri tu.

Sheria iko upande wa mwananchi kuliko vile wengi wanajua. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 imeweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa, kifungu cha 69 kinaiambia serikali ihimize watu washiriki kwenye kutunza mazingira, na cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, yaani ile rasimu ya mpango unaweza kuidai usome. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inazilazimisha kaunti. Na mahakama zimewahi kukasirika. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na Juni 2019 tribunali ya kitaifa ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu moja kubwa ikiwa ni hiyo hiyo, kwamba watu wa Lamu hawakupewa nafasi ya kweli ripoti ya mazingira ilipotoka. Wale walikuwa watu wa ufuo kama sisi, wavuvi na akina mama, wakashinda.

Lugha pia. Rasimu niliyoona ilikuwa kurasa zaidi ya mia, Kiingereza kizito, na mfasiri wa siku hiyo alipofika kwa neno la bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, alisema kwa Dholuo kitu ambacho wazee walielewa kuwa ni mambo ya wanyama pori, basi nusu saa ikaishia kwa kiboko aliyekula mahindi ya mtu. Si kosa la wazee. Kurasa nne za Kiswahili ama Dholuo na ramani kubwa iliyobandikwa kwa ukuta wa banda wiki mbili kabla ya mkutano zingefanya kazi kuliko ile projekta.

Kule Kadibo walirudi baada ya kama miezi miwili na ramani mpya. Mstari wa buluu umesogea ndani, karibu na ile alama ya choo, na sehemu ya njano ya kuanika omena imepelekwa juu kidogo karibu na barabara, mama alifurahi mpaka akawagawia maofisa omena kwa gazeti. Lakini choo kipya cha bichi bado kiko pale pale walipokichora mwanzo, upande wa chini, mahali maji yatakipata tena. Tulipouliza tukaambiwa bajeti ya choo ilishapita kabla ya mpango. Tumeandika barua, wameipokea na kupiga muhuri, nakala anayo katibu wa BMU kwa ile faili ya kijani, na Jumamosi tunapita ofisi kuuliza jibu.