Programu inayojirekebisha yapaswa kujua mazuku ni nini

Mtu wa Goma, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, ukimtajia mazuku haulizi maana. Anajua ni yale mabonde madogo kwenye mawe ya lava ambamo kaboni dayoksaidi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Mbuzi akishuka humo hapandi tena. Usiku pasipo upepo ndipo hatari huzidi. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo.

Tuchukue mfano wa vihisi vya gesi vilivyotegwa kandokando ya Ziwa Kivu, kila kimoja na betri yake ya sola. Programu inayojirekebisha hupunguza kutuma vipimo betri ikipungua, na kihisi kikifa hutafuta kingine kishike zamu. Mwaka 2003 Jeffrey Kephart na David Chess wa kampuni ya kompyuta ya IBM waliuchora mzunguko wake: kutazama, kuchambua, kupanga, kutenda, na katikati, maarifa. Hayo maarifa ndiyo hutelekezwa. Hutawanywa ndani ya kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, namba hapa, sharti pale, na aliyeandika akihama hakuna anayejua namba ile ilitoka wapi.

Ontolojia huyatoa humo na kuyaweka peke yake: vitu gani vipo na vinahusianaje, kwa maandishi ambayo mashine inaweza kuyasoma na kutoa hitimisho. Lugha yake ya kawaida, OWL, ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2004.

Kwetu tungeandika hivi: mazuku ni mahali, si gesi. Kihisi hupima gesi, kikiwa mahali fulani, kwa kimo fulani kutoka ardhini. Kimo hicho kisidharauliwe! Kihisi kilichofungwa mita 2 juu hakiwezi kushika zamu ya kilichokuwa sentimita 30 kutoka chini, hata kama vyote vinapima gesi ile ile. Programu isiyojua hilo itabadilisha kimoja kwa kingine, kisha itangaze hewa ni safi, na mtoto wa mtu atashuka bondeni. Vilevile isibanie betri usiku upepo ukitulia.

Kuchakata ontolojia kubwa huchukua muda, kwa hiyo iwe ndogo, na ikae kwenye seva, si kwenye kihisi.

Nani aiandike? Mwandishi wa programu hatoshi. Aketi na mtaalamu wa volkano, na pia na mama anayelima kando ya bonde lile, kwa maana yeye ndiye anayejua gesi hufika wapi alfajiri. Neno lake likiandikwa nje ya kodi, anaweza kusomewa na kulisahihisha.