Nguo za mchango kuuzwa si wizi

"Wamepewa bure, mbona wanatuuzia?" Swali hilo huwaandama wanaoendesha maduka ya mitumba ya kijamii hapa Nairobi, yaani maduka ya mashirika yasiyo ya faida yanayouza nguo za mchango. Anayeuliza hudhani mchango ukishauzwa, kuna mtu ametia hela mfukoni.

Sivyo. Shirika lisilo la faida linaruhusiwa kufanya biashara. Kisichoruhusiwa ni watu kugawana faida. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inataka mapato yatumike kwa kazi ya shirika tu.

Tena nguo ya bure ina gharama. Fungua mfuko mmoja wa mchango: shati zima, sweta lenye zipu mbovu, kiatu cha kushoto peke yake (cha kulia sijui huwa kimebaki wapi). Lazima mtu achambue, afue, abadilishe zipu, apige pasi, na kodi ya chumba ilipwe. Wenye vibanda katika soko la mitumba la Gikomba wanaijua kazi hiyo vizuri. Koti likiuzwa shilingi 200, hela hiyo inaweza kununua sodo za wasichana wa mtaani, kitu ambacho ni nadra kukikuta ndani ya mifuko hiyo.

Bado una shaka? Omba kuona daftari la matumizi.