Hamamu ya Nani?

Mara ya kwanza nilipolazwa juu ya jiwe la hamamu, bafu la umma la joto, mjini Istanbul, msuguaji alinishika mkono, akapitisha kese mara tatu, kisha akaninyanyulia nijionee. Kese ni glavu ya kitambaa kinachokwaruza kama dodoki. Mkono mzima, kuanzia begani, ulikuwa umejaa tambi nyeusi za taka. Na asubuhi ile nilikuwa nimeoga, tena kwa sabuni! Akacheka, akanimwagia bakuli la maji, akahamia mgongoni.

Kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya mawe na chokaa hapa Unguja. Kila nikipeleka wageni Hamamni, kwenye bafu la kale la Mji Mkongwe, swali ni lile lile: hili ndilo bafu la Kituruki? Silo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilijenga kwa mafundi wa Kiajemi, ndiyo maana huitwa bafu la Kiajemi. Sisi wenyeji hatukuhangaika na kabila lake. Tuliita hamamu, tukatia -ni, mtaa ukapata jina.

Waturuki nao hawasemi "bafu la Kituruki". Husema hamam, neno la Kiarabu lenye asili ya joto. Hata jengo lenyewe hawakulibuni wao: Qusayr Amra, kule Jordan, ilikuwa na sakafu ya kupashwa moto tangu karne ya 8, na waliotangulia kuufanya ufundi huo ni Warumi. Uturuki wa jina hili ulitiwa zaidi na Waingereza. David Urquhart, Mskoti aliyewahi kuwa mwanadiplomasia Istanbul, alizisifu hamamu katika kitabu chake cha 1850. Daktari mmoja wa Ireland, Richard Barter, akakisoma, akamwita, na mwaka 1856 wakajenga ya kwao kule Blarney, karibu na Cork.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Barter aliona mvuke unamzuia mgonjwa kustahimili joto kali, kwa kuwa jasho halikauki mwilini. Akaleta hewa kavu, kama ya Warumi. Basi kilichoenea Uingereza kwa jina la Mturuki kilikuwa kimemkimbia Mturuki na kumrudia Mrumi. Wajerumani ndio waliokuwa wakweli: Friedrichsbad ya Baden-Baden, iliyofunguliwa 1877, wao huita bafu la Kirumi na Kiayalandi. Siku hizi hoteli ikikutangazia bafu la Kituruki, mara nyingi utakuta chumba cha vigae na mashine ya mvuke, basi. Mimi hilo silihesabu.

Hamamu yenyewe huanzia chini. Nyuma ya ukuta kuna tanuri, külhan. Moshi na hewa ya moto hupita chini ya sakafu iliyoinuliwa kwa vinguzo vifupi, kisha hupanda kwa mifereji iliyofichwa ukutani. Ule uwazi wa chini Waturuki huuita cehennemlik. Litamke taratibu utalisikia neno letu: jahanamu. Ukilala juu ya lile jiwe la katikati, göbek taşı, jiwe la kitovu, jina hilo halikushangazi.

Çemberlitaş, hamamu ya Istanbul ya 1584, hutaona watu wamejitumbukiza kwenye birika moja. Kuna mabeseni ya marumaru yasiyo na tundu la chini. Maji hutoka bombani, unachota kwa bakuli, unajimwagia, yanakwenda zake. Waturuki walipenda maji yanayotiririka. Waajemi walikuwa na birika la kuzamia, na Hamamni kwetu utayakuta mabirika ya kuteremkia, ingawa sasa ni makavu.

Mimi ni fundi, kwa hiyo wageni wakitazama chini mimi huwaambia watazame juu. Nyumba zetu za Mji Mkongwe huezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio hupima upana wa chumba. Boriti juu ya mvuke wa kila siku huoza. Hamamu hutaka kuba: haina mti wa kuoza, na mvuke ukigeuka maji hufuata mzingo wa dari hadi ukutani badala ya kukudondokea usoni. Tundu dogo za vioo zinazopitisha mwanga kubani Waturuki huziita macho ya tembo.

Niliporudi safari ile nilimsimulia bibi mmoja jirani yangu, mwenye kusinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa liwa, mti wa manukato uliosagwa, tangu ujana wake: jiwe la moto, kese, zile tambi nyeusi, na kwamba wanawake wa Kituruki nao humpeleka bibi harusi hamamu kabla ya ndoa. Akanisikiliza hadi mwisho, huku akisaga.

"Hiyo singo, mwanangu," akasema. "Ila wamesahau kutia liwa."