Zermatt, Zmutt na kurudi kwa njia ya msituni: anza upande wa jua

Mzunguko huu wa kusini mwa Uswisi una urefu wa kilomita 7 hadi 8, na huchukua saa mbili na nusu hadi tatu za kutembea. Unaanzia Zermatt, kwenye mita 1,608 juu ya usawa wa bahari, unafika kitongoji cha Zmutt kwenye mita 1,936, kisha unarudi kwa upande wa pili wa bonde, kupitia vitongoji vya Blatten na Zum See. Kwa mtu wa Nairobi kimo si tatizo: Zermatt iko chini kidogo ya jiji lake, na Zmutt haifiki Limuru. Anayetoka Mombasa au Dar atahema kwenye mpando wa kwanza. Apunguze mwendo tu.

Wengi huuliza urefu wa njia na kusahau kuuliza uanzie upande gani, na hapo ndipo siku inapoharibika. Mimi napendekeza kupanda kwa upande wa kaskazini wa bonde, ule unaotazama jua, na kushuka kwa upande wa msituni. Kwanza, mlima Matterhorn (mita 4,478) uko mbele yako muda wote wa kupanda, na asubuhi jua hulipiga genge lake la mashariki moja kwa moja. Siku nyingi za kiangazi wingu huanza kujikusanya kileleni kuelekea adhuhuri, kwa hiyo anayeugeuzia mlima mgongo asubuhi huenda asiuone tena. Pili, mteremko wa Zmutt una kivuli kidogo; ukiupanda saa nane mchana mwezi wa Julai utakunywa maji yote kabla ya kufika. Ondoka Zermatt saa mbili au saa tatu asubuhi.

Magari ya petroli na dizeli hayaingii Zermatt. Ukija na gari, liache kijiji cha Täsch upande treni, mwendo wa dakika 12. Angalia vigari vya umeme vya hoteli na teksi: havina mlio, na mgeni aliyezoea kusikia gari kabla ya kuliona hushtukia kiko kisiginoni.

Kabla ya kupanda, pita mtaa wa Hinterdorf, karibu na barabara kuu ya kutoka stesheni. Kuna kundi la majengo ya zamani ya mbao, meusi kama yaliyoungua. Hayakuungua. Ni magogo ya mti wa lachi, ambao utomvu wake huzuia kuoza, na jua la karne kadhaa limeyatia weusi. Baadhi yamesimama juu ya miguu mifupi, na juu ya kila mguu kumewekwa jiwe bapa la mviringo, pana kuliko mguu wenyewe. Panya anaweza kuparamia mguu, lakini hawezi kutembea kichwa chini kulizunguka lile jiwe. Ni akili ileile ya bati linalovishwa kwenye nguzo za ghala la mahindi kwetu.

Jengo la namna hiyo huitwa Stadel. Lilihifadhi rai, nafaka ya jamii ya ngano inayostahimili baridi, ikiwa bado kwenye masuke. Nyufa kati ya magogo zinapitisha hewa ili masuke yakauke, na ndani kuna sakafu ya kupuria, kazi iliyofanywa majira ya baridi. Mkate wa rai uliokwa mara chache kwa mwaka, katika tanuri la kijiji, ukaliwa mkavu kwa miezi. Vyakula vilivyokwisha tayarishwa, nyama kavu na hata nguo za sikukuu viliwekwa kwenye ghala jingine, Speicher, ambalo magogo yake yamebanana zaidi. Ukishajua tofauti hiyo, utaweza kuvisoma vitongoji vyote vya njiani bila mwongozaji. Majengo haya ni mali ya watu, na mengine bado yanatumika. Usikalie mawe yake.

Kutoka kanisani mjini Zermatt endelea kupandisha bonde, ukifuata vibao vya manjano vilivyoandikwa Zmutt. Muda ulioandikwa kwenye vibao vya Uswisi ni wa kutembea tu, bila kupumzika wala kupiga picha, na umekokotolewa kwa mwendo wa takriban kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare. Mwenye watoto aongeze nusu yake. Sehemu ngumu ni ya mwanzo, mara tu nyumba zinapokwisha. Baadaye njia inalegea kati ya malisho na lachi. Ukikuta uzio wenye lango, lifunge nyuma yako.

Zmutt ni nyumba chache, kanisa dogo na paa za mawe bapa mazito. Hapa ndipo watu hukosea njia. Kibao cha Schönbielhütte kinavutia, lakini kibanda hicho kipo mita 2,694, na kwenda na kurudi ni safari ya siku nzima. Wewe teremka mtoni, vuka daraja la Zmuttbach, kisha fuata Blatten na Zum See. Usishuke kukaa kwenye mawe ya mto. Juu yake kuna bwawa la umeme, na maji yanaweza kufunguliwa ghafla hata kama mbingu haina wingu. Vibao vya tahadhari vipo kwa sababu hiyo.

Upande wa pili ni msitu wa lachi na misonobari ya arola. Utaitambua haraka: arola ina sindano tano kwenye kila kichala na haipukutishi, ilhali lachi hugeuka manjano mwezi wa Oktoba na kubaki mtupu. Mvua ikinyesha, mizizi iliyokatiza njia huteleza kuliko mawe. Viatu vyenye soli ya meno vinatosha. Raba laini za mjini ndizo zinazoangusha watu hapa. Beba lita moja na nusu ya maji, koti la mvua na mafuta ya kukinga jua. Maji ya mifereji ya mbao vitongojini hunyweka, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa.

Msimu mzuri ni katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Nje ya hapo kuna barafu kwenye vivuli, na migahawa ya vitongojini huwa imefungwa, kwa hiyo beba chakula. Mtu akiumia, piga 144. Katika jimbo la Valais, ilipo Zermatt, namba hiyo ndiyo inayoita pia helikopta.

Aliyechoka kabla ya Blatten afuate vibao vya Furi, kituo cha magari ya kebo yanayoshuka mjini. Mwenye nguvu ashuke Zum See hadi Winkelmatten, ambako kuna basi la umeme la kwenda stesheni.