Kusikiliza kwa utulivu: maana yake na namna kikao chake kinavyoendeshwa

Kusikiliza kwa utulivu ni kumwacha mwenzako amalize neno lake bila kumkatiza, kumshauri wala kumjibu, kisha kukaa kimya kidogo kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo. Ndani yake mna huruma, kimya na heshima kwa aliye tofauti nawe. Kimya ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kinachobeba vile vingine. Huruma isiyo na kimya haikawii kugeuka mahubiri.

Magharibi mwa Kenya kimya hiki kina historia. Marafiki (Quakers), dhehebu la Kikristo lililoanzia Uingereza katika karne ya 17, waliabudu kwa kuketi kimya hadi mmoja asukumwe na roho kusema. Wamisionari wao watatu kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, Vihiga, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hata hivyo, makanisa yao mengi hapa yana mchungaji, kwaya na mahubiri marefu, kwa hiyo hata muumini wa Kaimosi huenda akahitaji kujifunza kimya upya. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuumiza vibaya Nakuru na Kisumu, vikao vya duara, watu wakiketi kwa mviringo na kusikilizana kwa zamu, vilikuwa miongoni mwa njia ambazo Marafiki na makundi mengine walitumia kuwarudisha majirani kwenye mazungumzo.

Kikao kinachofaa ni cha watu 8 hadi 12. Viti viwe vya kimo kimoja na pasiwe na meza: mzee wa mtaa akikalia kochi na wengine wakibanana kwenye benchi, hilo ni baraza, na watu watamwambia yeye badala ya kuambiana. Waendeshaji wawe wawili, mmoja kutoka kila upande wa mgogoro. Chagueni kitu cha kupokezana, hata kikombe, ili anayekishika awe ndiye msemaji. Fimbo au usinga haufai kwa sababu una cheo chake tayari.

Zamu ni tatu. Ya kwanza, kila mtu anaeleza kilichompata yeye, si walivyo “watu wa kwenu”. Ya pili, anarudia alichosema jirani yake mpaka jirani akubali kwamba ndivyo. Hii ndiyo ngumu, maana hapo hugundulika kuwa nusu ya waliokuwa wakitikisa kichwa walikuwa wakipanga majibu. Ya tatu, kila mmoja anatoa ombi moja linalotekelezeka, kama vile mkesha upunguze spika saa nne usiku, au bomba la ploti lisifungiwe mpangaji wa upande wa pili. Mkiwa 10, mkipeana dakika 3 katika kila zamu na kimya cha nusu dakika baada ya kila msemaji, mtatumia saa moja na dakika 45. Chai iwe mwisho; ikija katikati, duara huvunjika na watu hujikusanya kikabila.

Nusu dakika huonekana fupi hadi uikalie. Wageni wa jambo hili huivunja kwa kikohozi au “haya, mwingine”. Nyayo zikanyage chini, mikono iwe mitupu, pumzi itoke polepole kuliko inavyoingia. Hasira ikipanda, hesabu pumzi tano. Hutakiwi kukubaliana na msemaji, unatakiwa tu kumsikia hadi mwisho.

Vikao vingi huharibika kwa wema. Mtu analia, mwingine anarukia “pole mama, tusameheane tu”, na aliyeumizwa anafungwa mdomo kabla hajataja nyumba yake iliyochomwa. Msamaha ukiharakishwa hivyo, kinyongo hurudi uchaguzi unaofuata. Lugha nayo huangusha kikao: anayejieleza vyema kwa Dholuo, Kikuyu au Lulogooli aachwe aitumie, na mkalimani afasiri sentensi moja moja. Muda utakaribia kuongezeka maradufu, na mpange hivyo mapema.

Heshima huanzia kwenye kalenda. Kikao cha Jumamosi asubuhi humfungia nje Msabato, cha Ijumaa adhuhuri humfungia nje Mwislamu. Jumapili baada ya ibada huwafaa wengi, mradi swala ya alasiri ipewe nafasi yake. Kuhusu matani ya kabila, kipimo ni kama anayetaniwa anaweza kurudisha na wote wakacheka. Mzaha wa tohara anaotupiwa Mjaluo mbele ya watu haupiti kipimo hicho, na mwendeshaji aukate papo hapo, hata kama msemaji ni mzee anayeheshimika.

Kuna mambo ambayo duara halina haki nayo. Ubakaji, unajisi wa mtoto na kipigo cha nyumbani hupelekwa polisi na hospitalini, wala mwathiriwa asiketishwe mbele ya aliyemtenda ili “wayamalize”. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, lakini njia hizo za jadi zimewekewa mpaka: zisikiuke Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu. Kwa mipaka ya shamba, kodi, maji na kelele, andikeni maombi yaliyokubaliwa kwenye karatasi moja, kila upande ubaki na nakala, na mkutane tena baada ya wiki nne kuangalia lipi limetekelezwa.