Shule bora si lazima iwe ya bati

Wengi Mombasa huamini shule ya maana ni ya saruji na bati, na kwamba matumbawe na chokaa ni mambo ya kizamani yasiyodumu. Sivyo. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, na ingali imesimama. Kuta nene huchelewesha joto la mchana. Bati tupu hulipitisha papo hapo, na mvua ya masika ikishika, mwalimu hasikiki. Makuti, kweli, hushika moto upesi, hayo tuyaachie kibanda cha uani. Mawe nayo huchimbwa nchi kavu, kwenye matumbawe ya kale, si miamba hai ya baharini. Fundi wa Mji wa Kale akieleza wanafunzi jinsi mawe yanavyochomwa yakawa chokaa, hapo pana somo zima la kemia.